Fingo la Mfalme Kichwani mwa Chande

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa wengi kuliko mitaa, paliondokea katika mji wa Ndarani mtu mmoja jina lake Chande, fukara wa kutupwa, hana shamba wala mbuzi, hana kazi ya kutajika ila ulimi wake. Watu walikuwa hawajapatana juu yake. Wengine walisema ni mjinga, wengine walisema ni mwerevu ajifanyaye mjinga ili asitumwe-tumwe, kwa maana ukimwambia neno alilitenda lile lile, halipunguzi wala halizidishi. Siku moja mchuuzi wa chumvi alimwambia, "Chande, utazame mzigo wangu, usiuondolee macho mpaka nirudi." Akaja mwizi akaubeba. Chande akamfuata nyuma, mtaa hata mtaa, ameukazia mzigo macho wala hasemi neno, mpaka mwizi akashikwa na haya kwa kutazamwa, akautua akakimbia. Mchuuzi alipomkuta huko mbali akamlaumu kwa kuondoka mahali alipomwacha. Chande akamjibu kwamba yeye aliagizwa kutazama mzigo, hakuagizwa kutazama mahali.

Basi Chande na mkewe Mwanatumu walikaa Gofuni. Gofuni ndio mji wa kale, nje kidogo ya lango la Ndarani, uliojengwa na watu ambao hapana tena aliyejua majina yao. Palikuwa na kuta za mawe zisizo mapaa, na msikiti uliobaki mihirabu peke yake, na kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kauri ya rangi ya samawati. Katika nyumba moja ya kale Chande aliezeka makuti chumba kimoja, wakaingia na mkeka wao na chungu chao, ndiyo mali yote.

Na Mwanatumu alikuwa mwanamke mwenye adabu zake. Kila asubuhi kabla hajafagia alisimama kizingitini akasema, "Subalkheri, mwenye nyumba. Tumelala salama, twashukuru." Kila Alhamisi akafukiza ubani pembe zote. Chande alipomwuliza unamsalimu nani, akajibu kwamba mtu haingii nyumba ya wenyewe kama mbuzi aingiavyo shamba la mihogo. Tena alikuwa na sababu ya kushukuru. Walikwisha kufukuzwa katika vibanda vya watu hata wakaacha kuvihesabu, na mwenye nyumba huyu peke yake ndiye ambaye hajapata kuwanunia.

Ikawa mwaka mmoja masika yalikuja kwa kishindo. Mtama wa Ndarani, uliokuwa umewekwa mavunguni na vibandani, ukaota ndani ya makanda, na uliosalimika na maji ukaliwa na fukusi. Watu wakala mizizi, na watoto wakalala na njaa. Mvua ilipokatika, Sultani Mwinyihaji, mfalme wa Ndarani, akasema kwamba masika mengine hayatamkuta hajajenga ghala kubwa la mawe, lenye sakafu iliyoinuka, na uwanja wa soko mbele yake. Hapana aliyelipinga jambo hilo, hata Chande, ambaye tumbo lake lilikuwa la kwanza kuliunga mkono.

Lililoleta maneno ni mahali pa kujenga. Nje ya lango palikuwa na viwanja viwili tu vya kufaa. Kimoja ni Gofuni. Cha pili, ng'ambo ya njia, ni bustani ya mipopoo na mitambuu ya Waziri Shekuwe, nayo ardhi yake imelala sawasawa kama mkeka. Waziri aliipenda bustani ile kuliko wakeze, na wakeze walijua. Zamani watu wa langoni walipodai kwamba ile ni ardhi ya mji, waziri alikwenda msikitini, akashika mimbari mbele ya kadhi, akaapa kwamba baba yake aliifyeka katika msitu wa Mungu, na kwamba hapana mkono wa mtu uliotangulia kuzika humo kitu, si jiwe, si mfupa, si kigae. Kwa kiapo hicho akashinda, na tangu siku hiyo alikuwa akikirudia kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

Basi mfalme alipouliza barazani ghala lijengwe wapi, waziri hakungoja.

"Maulana, Gofuni," akasema. "Hapana kitu pale ila mawe, popo na Chande. Mawe tutajengea, popo wataruka wenyewe, na Chande atawafuata popo."

Baraza zima likacheka. Chande alikuwa ameketi karibu na mlango, pale kahawa iliyobaki hupita wakati wa kurudishwa jikoni, naye akacheka pamoja na wenziwe. Kisha kicheko kikamkauka, maana alikiona kizingiti cha Mwanatumu kikipigwa nyundo. Akaogopa kweli kweli. Akasimama, akamwambia mfalme kwamba ghala ni jambo jema, lakini Gofuni ni nyumba za watu, na nyumba ya mtu haivunjwi hata hodi hawajapigiwa wenyewe.

"Wenyewe wako wapi?" akauliza Sultani.

"Maulana, hawajarudi," akasema Chande, na baraza likacheka mara ya pili.

Sasa, katika Ndarani hapana jengo la mfalme lililosimamishwa bila fingo. Fingo ni chungu kilichofungwa kitambaa cheupe, ndani mna vitu avijuavyo mganga peke yake, nacho huzikwa chini ya mlango ili moto, mwizi na fukusi wasipite. Sharti lake kubwa ni kwamba fingo halizikwi juu ya fingo la mwingine, wala juu ya kitu cha mtu. Mawili yakikutana chini ya mlango mmoja hugombana kama wake wenza waliopewa jiko moja, na atakayeteketea ni mwenye nyumba. Banda la farasi la baba yake Sultani liliungua kwa sababu hiyo, au ndivyo Sultani alivyoamini tangu utoto wake, wala hapana aliyeweza kumtoa katika imani hiyo.

Waziri akaona hapa amepata njia ya kuyakata maneno. Akamnong'oneza mfalme kwamba kwa kuwa Chande ndiye ajifanyaye kujua siri za Gofuni, basi na apewe yeye fingo la ghala alizike, na akishindwa afukuzwe mjini kwa uzushi. Shauri likampendeza Sultani, ambaye alikuwa mtu wa haki ila sikio lake lilikuwa mali ya aliyeketi karibu nalo. Akamwita Chande mbele, akamtwika chungu kichwani kwa mkono wake mwenyewe.

"Chande, chukua fingo hili," akasema. "Usilitue chini mpaka upate udongo ambao hapana mkono wa mtu uliotangulia kuzika humo kitu. Hapo utakapolizika, hapo nitajenga ghala langu, wala sitajenga pengine. Lakini mvua ya kwanza ya vuli ikikukuta hujalizika, nitazivunja kuta zote za Gofuni, nichimbue kila kilichozikwa humo, na wewe utahama Ndarani, usirudi tena."

Siwa, baragumu la enzi, ikapulizwa juu ya maneno hayo. Na neno lililopulizwa siwa halirudishwi, hata na yule aliyelisema.

Chande akaenda zake nyumbani na chungu kichwani. Mwanatumu akamwambia atue mzigo wake wale. Chande akasema mfalme amemkataza kutua. Wakaketi, na kila alipoinama kulifikia tonge, chungu kikainama pamoja naye, mwisho ikabidi Mwanatumu amlishe kama bwana harusi. Alipolala alikikumbatia juu ya tumbo, kikawa kinapanda na kushuka kwa mkoromo wake. Saa za sala Mwanatumu ndiye aliyekishika, kwa hoja kwamba yeye hakuagizwa kitu na mtu. Chande alipokwenda arusini, wenye arusi wakamweka mbele kabisa kwa kudhani amebeba zawadi, na alipoondoka nayo wakamsema mwezi mzima.

Hata hivyo Mwanatumu hakucheka sana. Siku ya pili, akimkanda shingo, alimwambia maneno yaliyokuwa moyoni mwake.

"Mume wangu, mimi nimechoka kuhama. Na huyu mwenye nyumba, tukimwachia nyumba yake ivunjwe, asubuhi ile nitasimama wapi nimwambie nini?"

Chande akamwambia tu kwamba kesho ataanza kuchimba.

Kulipopambazuka akaenda pale waziri alipopigilia mambo, yaani vigingi vya mlango wa ghala, katikati ya Gofuni. Watu wa waziri wakamletea majembe na nyundo. Chande akayakataa. Akasimama na chungu chake, akapiga hodi, akangoja. Akapiga tena, akangoja. Akapiga ya tatu. Waziri akamwuliza kwa kejeli kama anataraji kuitikiwa. Chande akasema la, lakini akiitikiwa asije akaonekana mtovu wa adabu. Kisha akachukua kifuu cha nazi na ufagio wa mkewe, akaanza kuukwangua udongo polepole, kama mtu akombaye sufuria. Akasema ameagizwa kutazama kama pana mkono wa mtu uliotangulia, na jembe huvunja kwanza ndipo hutazama.

Mji mzima ukaja kumwangalia mtu achimbaye shimo kwa kifuu na chungu kichwani. Wauza vitumbua wakahamia pale. Chande hakujali, na alipokwisha kushuka kiasi cha kiunoni, kifuu kikagusa kitu. Akafagia. Lilikuwa fingo la mtu, chungu cheusi kilichofungwa kamba iliyooza, kimeketi chini ya kizingiti cha mlango ambao hapana aliyejua kuwa ulikuwako.

Na fingo la watu likifukuliwa lina desturi yake: aliyeamuru kuchimba huchinja mbuzi wa kafara, na mbuzi yule huliwa pale pale, asichukuliwe nyumbani hata ukwato. Mfalme akatoa mbuzi. Watu wakala, wakamsifu Chande. Yeye akaendelea kukwangua. Chini ya mlango ule pakawa na sakafu nyingine ya chokaa, nzee zaidi, na chini ya sakafu hiyo fingo la pili, jekundu, limezungushiwa ushanga wa kombe. Mbuzi mwingine akachinjwa. Kufikia hapo maskini wote wa Ndarani, ambao tangu masika walikuwa hawajaonja nyama, walikuwa wakimwombea Chande dua aende chini zaidi.

Waziri akaona mambo yanakwenda kombo. Akampelekea mfalme habari kwamba Chande mwenyewe ndiye anayevizika vyungu vile, kwa uroho wa nyama. Sultani akakasirika, kwa kuwa mbuzi walikuwa wake. Akaondoka na baraza lake mpaka Gofuni, akaagiza ngazi iteremshwe, akashuka shimoni kwa miguu yake, kilemba kikigongana na chungu cha Chande, kwani shimo lilikuwa jembamba.

Chande hakujitetea. Alimwomba tu atazame. Sultani akapapasa sakafu ya pili kwa vidole vyake, mahali fingo jekundu lilipokuwa limekaa. Chokaa ilikuwa imelifunika pande zote, ngumu kama jiwe, na kabla Chande hajaibandua kipande chake haikuwa na ufa hata wa kupita sisimizi. Mtu hawezi kukizika chungu chini ya sakafu ya babu wa babu yake pasipo kuivunja. Sultani akamtazama waziri aliyekuwa akichungulia kutoka juu, na waziri akaangalia upande wa bustani yake.

Ndipo Mwanatumu, aliyejibana pembe ya shimo akifagia sakafu, akasema taratibu, "Maulana, huku pia."

Palikuwa na alama katika chokaa. Sultani akapiga magoti. Ulikuwa unyayo wa mguu wa mtoto, mdogo hata ungetosha katika kiganja, vidole vyote vimeonekana. Siku chokaa ilipokuwa mbichi mtoto alikimbia juu yake. Na karibu na alama ile palionekana mipapaso ya mkono wa mtu mzima, aliyeanza kuufuta, akafika nusu ya kisigino.

"Alianza kuufuta, kisha akauacha," akasema Mwanatumu.

"Kwa nini aliuacha?"

"Wewe ungeufuta, Maulana?"

Sultani akaweka kiganja chake juu ya mguu ule. Chande alimwona macho yamemlowa. Akamwonea huruma, na papo hapo akafurahi, akadhani nyumba yao imepona.

Lakini mfalme ni mfalme. Alipopanda juu aliona mawingu yamejikusanya upande wa kusini, akakumbuka watoto waliolala na njaa.

"Chande, mguu huu hauli mtama," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Walio hai wanakula. Siwa imelia. Fingo liko kichwani mwako, na vuli iko njiani."

Akaenda zake. Waziri akabaki nyuma kidogo kupima kwa hatua mahali soko litakapokaa.

Chande akakaa kitako shimoni, shingo ikimwuma, moyo ukimwuma zaidi. Alifikiri kwamba mfalme amesema kweli, maana ghala ni lazima. Na kwamba Mwanatumu naye amesema kweli. Akaanza kuyapitia maneno ya mfalme moja moja, kama mtu atafutaye sindano katika mkeka. Usilitue chini mpaka upate udongo. Hapo utakapolizika, hapo nitajenga. Ghafla akafumbua macho. Mfalme alikuwa amesema udongo, hakusema udongo wa wapi. Kila mtu alisikia Gofuni kwa sababu waziri aliisema Gofuni, lakini siwa ililia juu ya maneno ya mfalme, haikulia juu ya maneno ya waziri.

Kisha akakumbuka jambo la pili. Aliwahi kulima kibarua katika bustani ya waziri, palizi hata palizi, na jembe lake halikupata kugonga kitu mle ila mizizi. Akakumbuka na kile kiapo cha mimbari. Akacheka peke yake shimoni mpaka Mwanatumu akaja mbio akidhani jua limempata.

Asubuhi ya Ijumaa akatoka na chungu chake na kifuu, akaenda alikokwenda.

Siku hiyo baada ya sala, baraza lilipojaa, akaingia mtu ambaye watu walimtazama wasimtambue. Alikuwa Chande, kichwa kitupu. Shingo yake ilikuwa ingali imenyooka kama ya askari, kwa mazoea.

"Fingo langu liko wapi?" akauliza Sultani.

"Nimelizika, Maulana."

Waziri akafurahi kuliko wote. Akadhani Chande amechoka akalifukia shimoni, na kwamba Gofuni imekwisha. Akawa wa kwanza kumpongeza. Sultani hakufurahi sana, akauliza kama kweli udongo ule ni safi, na ni nani shahidi.

"Safi, Maulana, na shahidi ninaye," akasema Chande. "Ni mtu mkubwa, mwenye kiapo cha mimbari mbele ya kadhi. Ni Waziri Shekuwe. Mimi naomba aulizwe neno moja tu, kama kiapo chake kile kingali kimesimama au kimelegea kwa uzee."

Hapana kitu ambacho waziri alikipenda kama kuulizwa habari za kiapo chake. Akasimama, akalinyoosha joho.

"Maulana, mimi sijaapa kiapo kikalegea. Nilivyosema ndivyo. Katika bustani yangu hapana mkono wa mtu uliotangulia kuzika kitu, si jiwe, si mfupa, si kigae."

Alikuwa amekwisha kusema yote ndipo akayasikia. Akasimama pale mdomo wazi, kama mtu aliyekanyaga mwiba na maumivu yangali njiani.

"Nami nimelizika humo," akasema Chande, "penye njia panda ya mitambuu. Nilipiga hodi langoni, na mtunza bustani akanikaribisha. Nikakwangua kwa kifuu mpaka kwapani, sikuona ila mizizi."

Waziri akapata sauti. Akasema sasa anakumbuka, huenda pana kaburi moja pale, la zamani sana, chini ya mpopoo mkubwa, na ni dhambi kujenga ghala juu ya kaburi.

"Basi uliapa uongo juu ya mimbari?" akauliza Sultani.

Kadhi, ambaye alikuwa akisinzia, akakohoa, akaketi vizuri. Waziri akamtazama kadhi. Akaifikiria mipopoo yake, akaifikiria shingo yake, akaona kwamba mipopoo hupandwa tena.

"Hapana kaburi, Maulana," akasema kwa sauti ndogo.

"Wala kigae?"

"Wala kigae."

Na ajabu ya mambo ni kwamba alikuwa amesema kweli. Katika maisha yake marefu ya uwaziri hiyo ndiyo mara moja aliyoapa kweli, nayo ndiyo iliyomponza.

Sultani Mwinyihaji akacheka. Alianza kwa kujizuia, kisha akashindwa, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia begani, na baraza lote likacheka naye, hata kadhi. Waziri akajaribu mara ya mwisho, akasema fingo laweza kufukuliwa kwa heshima na kuzikwa mahali pengine. Chande akamkumbusha kwamba kila fingo likifukuliwa ni mbuzi, na kwa njaa ya masika na kafara zile mbili zizi la mfalme limebaki beberu mmoja aliye mgonjwa. Tena siwa ililia. Basi neno likawa limekwisha. Waziri akapewa shamba jingine huko bondeni, akachukua miche yake akaenda kupanda, akawa kila siku apitapo mbele ya lango anageuza uso.

Mvua ya kwanza ikanyesha jioni ile ile, Gofuni ikiwa nzima. Kabla ya masika ghala likasimama bustanini, kubwa, sakafu imeinuka, na soko mbele yake. Mtama ukakaa mkavu. Wala fukusi hawakuonekana, ingawa Chande alisema hiyo ni kazi ya sakafu, na mganga alisema ni kazi ya fingo, na hawajapatana mpaka leo.

Sultani akataka kumpa Chande nyumba ya mawe katikati ya mji. Chande akamwuliza mkewe, naye Mwanatumu akasema wanaye mwenye nyumba wao, hawana ugomvi naye. Aliloomba yeye ni kwamba mafingo ya watu yarudishwe kila moja kwake, na mguu wa mtoto ufunikwe mchanga laini, shimo lifukiwe. Likafanyika hivyo. Mfalme akaongeza lake, akalipulizia siwa: kwamba tangu siku ile, mtu yeyote atakaye kujenga Ndarani, awe mfalme awe mchuuzi, apige hodi kwanza, kisha Chande aende na kifuu chake kutazama. Pakiwa na vitu vya waliotangulia, mjenzi asogee kando. Pakiwa patupu, na ajenge kwa amani, naye Chande apewe chakula cha mchana. Mji ukakua sana kwa sheria hiyo, na Chande akanenepa.

Siku moja, baada ya mvua kidogo ya asubuhi, Mwanatumu alikuwa ndani, uwanja ameumaliza kuufagia, mchanga umelowa na kutulia. Akasikia hodi nje. Hakuitika upesi, maana alikuwa na ubani mkononi. Ikaja hodi ya pili. Ilipokuja ya tatu akatoka, akamwona Sultani Mwinyihaji peke yake, hana askari wala siwa, ameshageuka kurudi kama desturi itakavyo kwa mgeni asiyeitikiwa.

"Karibu, Maulana," akasema Mwanatumu. "Mwenye nyumba anasema ingia, ila viatu uviache huko."

Sultani akavua makubazi, akauvuka uwanja kwa miguu mitupu, akaingia kunywa uji wa Chande. Alipokwisha kwenda zake, Mwanatumu akauona unyayo wa mfalme katika mchanga wake uliofagiliwa, vidole vyote vimeonekana. Akachukua ufagio aufute, akafika nusu ya kisigino, kisha akauacha.

Hekaya imefika kizingitini. Aliye nje na apige hodi.